Buti za Chiriku

BIBI: Haloo? Nani mwenzangu?

BINTI: Mimi, Mama. Shikamoo.

BIBI: Marahaba, mwanangu. Namba siijui hii. Nilidhani jirani mshonaji, maana yule ananipigia simu na sisi tunatenganishwa na ukuta tu.

BINTI: Nimeazima ya mwenzangu hapa kazini kwenye pasi, yangu imezima. Na huyo mshonaji usinitajie. Nimeamka na lile swali lake. "Mbona mguu wa mtoto wenu unaacha alama kama pasi?"

BIBI: Ya zamani hayo.

BINTI: Chiriku ndiyo kwanza ametoka kuoga, anapita kwenye simenti, na yule mama kasimama mlangoni na futi kamba shingoni, anazikagua nyayo za mtoto kama kitambaa cha mteja. Mpaka leo nikishika pasi naziona. Na nashika pasi kutwa, Mama.

BIBI: Umekula?

BINTI: Nitakula. Mmerudi hospitali? Daktari kasemaje?

BIBI: Tumerudi salama, Mungu ashukuriwe. Foleni haikuwa—

BINTI: Buti za kunyooshea miguu aliziona? Nimemwambia yule wa duka aniwekee za saizi inayofuata. Shule zikifunga nakuja mwenyewe, namvalisha mpya, tunaondoka naye. Kitanda chake nimekiweka dirishani, apate upepo, na pazia nime— [mkwaruzo] Mama? Unanisikia?

BIBI: Nakusikia. Usinunue buti.

BINTI: Kwa nini?

BIBI: Tafuta pa kukaa kwanza.

BINTI: Huku hakuna kiti, tukikaa mashuka yanajikunja yenyewe. Sema tu.

BIBI: Daktari mwenyewe kijana, ndevu bado zinaomba ruhusa. Nikasema moyoni, leo tumekuja kucheza. Kumbe ana mikono ya upole. Akamsimamisha mtoto sakafuni peku, akachuchumaa nyuma yake. Mguu umelala wote chini, kama tunavyoujua. Halafu akamwambia asimamie vidole, kama mtu anayechungulia dirisha la juu.

BINTI: Ehe.

BIBI: Uvungu ukatokea.

BINTI: Uvungu gani?

BIBI: Wa unyayo. Palepale panapolala. Alipoinua visigino pakajiinua, panya angepita chini yake. Aliposhuka pakalala tena. Daktari akaniita niiname nione. Nikainama, magoti yakasema yote yaliyo nayo, nikaona.

BINTI: Basi ni buti. Si nilisema? Zimefanya kazi.

BIBI: Ngoja kwanza.

BINTI: Mama, si ndiyo? Ni buti zilizoujenga.

BIBI: Nami nilimuuliza hivyohivyo. Akasema la. Mguu laini unakuwa hivyo tangu mwanzo. Watoto kibao wana nyayo bapa, wengi zinajiinua wanavyokua, wengine wanazeeka nazo, wanatembea, wanakimbia, hawaumwi popote. Kiatu hakijengi uvungu. Akasema wao wanatibu maumivu, hawatibu umbo. Mguu ukiuma, au ukiwa mgumu kama ubao, au mmoja ukilala na mwenzake haulali, hapo mlete. Wa kwetu haukuwa na kitu.

BINTI: "Haukuwa."

BIBI: Ndivyo alivyosema.

BINTI: Mama, yule wa duka anavaa koti jeupe. Ana mguu wa plastiki mezani, mifupa yote inaonekana. Aliniambia mtoto avae mchana na alale nazo. Akilalamika tusimsikilize, kuuma ndiyo kunyooka kwenyewe.

BIBI: Uliniambia. Kamba nilikuwa nafunga kwa mkono wangu, tukimaliza sala ya jioni.

BINTI: Mimi ndiye niliyekwambia kaza. [mkwaruzo]

BIBI: Umesemaje? Sikukupata.

BINTI: Sijasema kitu. Umesema haukuwa na kitu. Sasa una nini?

BIBI: Ana bandeji.

BINTI: Mguu upi?

BIBI: Yote miwili.

BINTI: Mama.

BIBI: Soksi ilikuwa imegandia. Daktari akailowesha kwa maji, akaitoa polepole kama anavua ganda la yai. Upande wa ndani, pale nundu ya buti inaposukuma, pamechimbika. Asubuhi namwosha anaweka mguu nje ya beseni na soksi yake, ananiambia maji ya moto. Mimi nikaona utoto.

BINTI: Kila jioni nilikuwa nampigia. Kila jioni, Mama. Namuuliza, umevaa?

BIBI: Anakujibu ndiyo.

BINTI: Ananijibu ndiyo.

BIBI: Alikuwa anasema kweli.

BINTI: Alilia? Walipokuwa wanamvua?

BIBI: Hapana. Daktari mwenyewe alishtuka. Na unamjua mwanao, tulimpa jina la ndege bure? Kuku akitaga, yeye yuko pembeni anamhoji. Lakini siku hizi anapita humu ndani kama mgeni aliyekuja kusubiri mtu. Daktari akamuuliza mtoto, mama, mbona hukusema unaumia? Akanitazama. Kisha akatazama mkoba wangu.

BINTI: Mkoba wa nini?

BIBI: Simu ilikuwa humo. Akasema, "Yule wa kwenye simu anataka."

BINTI: [sauti ya mvuke]

BIBI: Mwanangu?

BINTI: Hakusema mama.

BIBI: Ni mtoto huyo.

BINTI: Hakusema mama, Mama.

BIBI: Hakusema.

BINTI: Mimi waliniita Bata mpaka namaliza shule. Unakumbuka? Nikipita mstarini, kwaa, kwaa, na mwalimu anageukia ubao ili acheke vizuri. Na yule baba yake Chiriku, siku anafunga begi, unajua alisema nini mlangoni? Alisema angalau mtoto angechukua miguu yake yeye. Nikaapa. Nikasema huyu hataitwa bata na mtu, hata nikifia kwenye pasi.

BIBI: Hilo la mlangoni hukuwahi kuniambia.

BINTI: Ningekwambia ili iweje?

BIBI: Ili nikwambie miguu hiyo ni ya marehemu baba yako. Alibeba magunia nayo mpaka kichwa kikawa cheupe, na hakuumwa mguu hata siku moja. Akitoka kazini nilikuwa najua ameingia kupitia wapi, alama zimejaa kwenye vumbi la kibaraza, pana kama majani ya mgomba. Alipofariki nilikaa sifagii pale. Mkafikiri nimechanganyikiwa. Jirani mshonaji akaja na ufagio wake kunisaidia, nikamfukuza.

BINTI: Kumbe ndiyo sababu.

BIBI: Ndiyo sababu. Mungu alimpa yeye, akakupa wewe, akampa na mtoto. Sikuona pa kusikitika. Lakini wewe ulikuwa unaificha chini ya kiti hata tukiwa wawili.

BINTI: Msimamizi ananitazama. Hajafika huku bado.

BIBI: Usikate. Nilimtaja na wewe kwa daktari. Nikamwambia mama yake anayo hiyohiyo, kazi yake ya kusimama, na mara ya mwisho alipokuja alikuwa anashuka ngazi kwa ubavu kama kaa. Akaniuliza, kifundo cha ndani kinavimba?

BINTI: Kidogo tu, jioni.

BIBI: Wa kushoto?

BINTI: Kidogo, Mama.

BIBI: Akasema nikwambie ufanye hivi. Shika ukuta. Inua mguu wa kulia juu. Sasa simamia vidole vya kushoto, kisigino kitoke chini.

BINTI: Niko kazini, Mama, watu—

BIBI: Fanya mimi nikisikia.

BINTI: [kitu kinagonga meza] Nimefanya.

BIBI: Kisigino kimetoka?

BINTI: Kimetoka.

BIBI: Mimi ndiye niliyekuzaa.

BINTI: Hakitoki. Kinakataa. Nakitazama hapa, kama si changu.

BIBI: Basi wewe ndiye mgonjwa, mwanangu. Siku zote tulikuwa tunamfunga kamba mzima. Alisema ule mshipa wa ndani ya kifundo unaoushika unyayo unachoka, mwisho unaachia, na ukiachia mguu unabaki hivyo moja kwa moja. Unatakiwa uonwe mapema. Upunguze kusimama, uwekewe soli ya ndani iliyoinuka pale katikati, ufundishwe kunyoosha shavu la mguu kwenye ukuta na mazoezi ya kuutia nguvu, na mwili nao usizidi. Wengi hawafiki kwenye kisu. Ila uende. Hilo alilirudia mpaka nikamwambia nimesikia.

BINTI: Niende na nani asimame hapa?

BIBI: Njoo nyumbani. Uupumzishe mguu huo. Mkae wote wawili uani mmenyoosha miguu, mimi nitapika.

BINTI: Nilikuwa nije kumchukua, Mama, si kuja kulala kwako kama gunia. Nimemwekea kitanda. Pazia lina ndege, nililishona kwa mkono. Ulimwambia?

BIBI: Nilimwambia.

BINTI: Akasemaje?

BIBI: Mtandao unakatakata.

BINTI: Haukati. Akasemaje?

BIBI: Aliniuliza, huko kwa wa kwenye simu, wakilala wanavua?

BINTI: [pasi inawekwa chini]

BIBI: Usinilazimishe kusema vitu, mwanangu. Ndiyo maana nilikuuliza umekula.

BINTI: Niitie.

BIBI: Leo mwache. Yuko uani anaosha vikombe, amekaa, miguu juu ya ndoo.

BINTI: Dakika moja tu. Anajua kuwa buti sasa basi?

BIBI: Nilimwambia njiani. Hakunijibu.

BINTI: Hakukujibu kwa sababu si wewe uliyezitaka. Asikie kwangu. Nakuomba, Mama. Msimamizi anakuja, niitie.

BIBI: [kwa mbali] Chiriku. Njoo, bibi. Njoo polepole. [kimya] Haya, amefika mlangoni. Mikono ina povu. Nimeweka sauti ya nje, sema naye.

BINTI: Chiriku. Mama hapa. Mama yako. Umeshinda salama, mama? [kimya] Yupo?

BIBI: Amekwenda chumbani.

BINTI: Amekataa?

BIBI: Ngoja. [kimya] Anarudi. Amebeba buti.

BINTI: Za nini?

BIBI: Nilikuwa nimezisukumia uvunguni mwa kitanda. Amekaa chini. Anavaa.

BINTI: Anavaa nini?

BIBI: Buti, mwanangu. Juu ya bandeji. Ameuma mdomo, anafunga kamba.

BINTI: Mzuie. Mama, mshike mkono—

BIBI: Nimemshika. Ananionyesha simu kwa kidevu. Ananiambia kwa macho, si amepiga?

BINTI: Chiriku, vua. Unanisikia? Vua, mama. Mama alikosea. Usivae leo, usivae kesho, nikipiga usivae, nisipopiga usivae. Miguu yako haina ubaya wowote, ni ya babu yako, ilibeba magunia. Mimi ndiye mbovu. Vua, nakupigia magoti hapa mbele ya watu, vua.

BIBI: Mkono umesimama.

BINTI: Anavua?

BIBI: Anaifungua kamba. [mkwaruzo] Mmoja umetoka. Taratibu, bibi, usiivute bandeji. Na wa pili. Amevua, mwanangu. Amevua zote.

BINTI: Mungu wangu. Haya. Mpe simu, Mama, mwekee sikioni. Aseme neno. Lolote. Hata anitukane.

BIBI: Amezichukua. Anazipanga mezani mbele ya simu, pamoja, kamba ameziingiza ndani. Amezigeuzia kwako.

BINTI: Chiriku? Zungumza na mama kidogo. Niulize kitu. Zamani ulikuwa unaniuliza kila kitu.

BIBI: Mjibu mama yako, bibi. Analia huyo, unamsikia? [kimya]

BINTI: Amesemaje? [mkwaruzo] Mama? Amesemaje?

BIBI: [mlango unalia]

BINTI: Mama?

BIBI: Ametoka.