Jino la Mama Mkwaruzo Halikulegea

Tunayemsindikiza leo, Mama Mkwaruzo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 katika chumba cha nyuma ya karakana ya baba yake, mfinyanzi wa sahani. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watano, na wa kwanza kwa ubishi.

Alihitimu chuo cha ufundi wa kauri mwaka 1978. Alimaliza kabisa, jambo ambalo si kila mtu katika ukoo huu anaweza kujisifia.

Aling'arisha sahani kiwandani miaka kumi na minne. Huko ndiko alikompata mumewe, fundi umeme aliyeitwa kutengeneza tanuri, akalitengeneza mara nne kwa wiki moja ilhali lilikuwa zima. Walioana tarehe 6 Agosti 1983.

Mwaka 1992 aliajiriwa na maabara ya meno kutengeneza vipandikizi vya kauri, yaani mizizi bandia inayopandwa kwenye taya. Kila kimoja hupakwa utando wa unga wa kauri, kikachomwa, kikatoka na uso wa kukwaruza ili mfupa upate pa kushika. Mazoea ya sahani yakamponza: akavisugua vikang'aa kama kioo! Vyote kumi na viwili vya majaribio vikalegea kwenye mataya ya kondoo. Mkuu wa maabara akataka kuufunga mradi.

"Bosi, kosa ni langu," alikiri. "Nipe nafasi moja. Nitapaka, nitachoma, sitasugua. Kipandikizi kikishikwa na mfupa wa kondoo, cha kwanza cha binadamu kipandwe kwenye taya langu."

Mfupa wa kondoo ulikishika. Kibali kikatoka, akapandikizwa kimoja, akatafunia upande mmoja miezi mitatu. Tarehe 9 Juni 1995 daktari wa meno alikizungusha kwa kifaa chake, maabara nzima imebana pumzi mlangoni.

"Kinauma?"

"Kaza, baba! Unapima au unapapasa?"

Hakikutikisika! Vigelegele vilisikika hadi barabarani, kikavikwa jino, na jina la Mkwaruzo likaanzia hapo.

Moyo ulianza kumsumbua Januari 2023. Kabla ya upasuaji muuguzi alimwomba atoe meno bandia. "Hili halitoki, mwanangu. Kuna daktari alishajaribu." Alifariki tarehe 2 Mei 2024, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano, na wapwa aliowasema bila kuchoka. Moyo ulichoka, jino limekwenda naye, limekaza vilevile. Nanyi mnaotafuna kwa kazi ya mikono yake, msilie tu: mcheke, tuyaone meno yake.

Apumzike kwa amani, mkwaruzaji wetu.