Bomba Lililopasuka

Kijiwe chenyewe ni benchi moja nje ya banda la kinyozi. Mchana ule kahawa ilikuwa ikizunguka, lakini Spana, fundi bomba, hakuigusa. Tangu ujana wake alikuwa kibarua wa idara ya maji. Mtihani wa kuajiriwa ulikuwa mlango wake wa mwisho, maana mwakani umri utakuwa umempita. Asubuhi matokeo yalibandikwa. Upande wa mabomba alifaulu vizuri. Sarufi ndiyo iliyomwangusha.

— Hebu lirudie hilo swali lililokuangusha, alisema Kinyozi.

Spana alikuwa amelikariri bila kutaka.

— Chagua sentensi sahihi. A: Bomba ambalo lililopasuka limezibwa. B: Bomba lililopasuka limezibwa. Nikachagua A.

— Sasa kosa liko wapi? Mbona mimi nasema hivyo kila siku?

— Ati "ambalo" na "lililo" hazikai nyumba moja.

— Kumbe ukewenza!

Profesa, muuza magazeti, akakohoa.

— Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wewe uliinama mno, ndiyo maana ukaangukia A.

— A iko juu, Profesa.

— Basi hukuinama! Halafu wanaosahihisha ni mashine. Ikichoka, kila A inaiona kosa.

— Mashine wapi! Kinyozi akapunga kitana. Wanatega sikio mitaani, wanasikia tunavyosema, kisha hicho hicho wanakiita kosa. Hawataki msemaji hao. Wanataka bubu mwenye kalamu!

— Tena kiziwi! Profesa akadakia. Mficha maradhi kifo humuumbua!

Wakaangua kicheko. Spana naye alijaribu, mdomo ukamgomea. Alikuwa akiwaza mabomba yote aliyoyaziba, tope kiunoni, na hakuna hata moja lililowahi kumuuliza sentensi.

Ndipo mkewe akatokea, anahema, uso umejaa furaha.

— Shemeji zangu, hamjambo? Nimesikia matokeo yamebandikwa. Akamgeukia mumewe. Baba watoto, umepita?

Kinyozi akawa anakikagua kitana chake. Profesa akalikunja gazeti lililokwisha kukunjwa.

Mama yule akawatazama mmoja mmoja, na tabasamu likamfifia taratibu. Hakuuliza tena. Akalizunguka benchi, akasimama upande wa mumewe.

— Sogea kidogo, alisema.

Spana akasogea. Mkewe akaketi.