Fundi Kesho na Pampu Isiyotiwa Grisi

Ndugu waombolezaji, majirani, na nyote mlioacha kazi zenu mkaja kwa miguu kumsindikiza kaka yetu: marehemu aliniagiza wasifu wake uwe mfupi na nisimsifie. Alipokuwa hai sikuwahi kumtii, na leo sioni sababu ya kuanza. Nitajitahidi kusema kweli tu, kwa sababu wengi wenu mnaijua na mtanisuta hapa hapa.

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Kesho, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1969 katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga, jirani na bohari ya mafuta ambako baba yetu alikuwa dereva wa lori. Yeye alikuwa kifungua mimba, mimi ni kitinda mimba, na wawili wa katikati walishatangulia mbele ya haki. Baba alikuwa akirudi nyumbani ananuka dizeli mpaka kwenye nyusi. Chakula chetu, sare zetu za shule na dawa za mama, vyote vilitoka kwenye lori lile. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani marehemu aliyachukia mafuta. Mafuta ndiyo yaliyomlea, na hakuwahi kuyatukana.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1976, kisha sekondari, kisha akajiunga na chuo cha ufundi alikohitimu mwaka 1990 katika fani ya injini za dizeli. Akiwa darasa la tano aliifungua redio ya baba, akaifunga tena, ikabaki skrubu moja mkekani. Mama akaiokota na kumuuliza inatoka wapi. Kaka, huku akiukwepa mkono wa baba, akajibu, "Hiyo ilizidi tangu kiwandani." Redio iliendelea kuimba mpaka tulipohama nyumba ile. Mama naye aliitunza ile skrubu kwenye kibweta cha sindano, maana hakuiamini hata kidogo ile hadithi ya kiwandani.

Kazi alianzia idara ya maji, Januari 1991, akiwa fundi wa pampu. Mwaka 1995 aliacha ajira akafungua karakana yake kwenye mtaa huu huu, na kwa kuwa kisima cha mtaa kipo nyuma ya nyumba yake, akakabidhiwa pia injini ya dizeli iliyopandisha maji hadi kwenye tangi lililo juu ya mteremko. Alikuwa fundi hodari mwenye ulimi wa mafundi wote: "Njoo kesho." Ukienda kesho, kesho imesogea.

Jina hilo, lakini, alipewa na mke wake. Wifi yangu ni mshonaji. Mwaka ule ule alimpelekea cherehani iliyokuwa inakata uzi, akaambiwa aje kesho. Akaja. Akaambiwa kesho. Akaja tena, wiki ya pili sasa, akamkuta kaka amevaa shati lililopigwa pasi katikati ya karakana. Wifi akaweka mkoba chini akamuuliza, "Fundi, hebu niambie ukweli. Cherehani ndiyo inayoumwa, au ni wewe?" Cherehani ilikuwa imepona tangu siku ya kwanza. Walifunga ndoa tarehe 12 Oktoba 1996, wakajaliwa watoto watatu, na wifi hakuacha kumwita Kesho hata mbele ya wakwe.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi wenu mmelijia. Mwaka 2031 lori la dizeli la mtaa lilianza kuchelewa. Kwanza siku mbili tatu, baadaye likawa linakuja likijisikia. Tukajifunza kupanga foleni ya madumu na kuizoea. Kaka ndiye aliyekuwa akila kwa injini ile, na ndiye aliyesimama kwenye mkutano wa mtaa akasema tuanze kujizoeza kuishi bila hiyo injini, tungali na nafasi ya kukosea. Akaonyesha kitu alichokiunda kwa fremu za baiskeli na minyororo ya zamani: pampu ya kukanyaga, ya watu wawili wawili, kwa zamu. Sola tuliyokuwa nayo ilitosha friji ya dawa ya zahanati tu, haikubaki ya maji. Mwenyekiti wa mtaa akaikagua pampu kwa kuizunguka. "Fundi, yaani unataka tupande baiskeli isiyokwenda popote?"

"Inakwenda, Mwenyekiti. Inakwenda mpaka kwenye tangi."

Watu walicheka mpaka wakatokwa na machozi, lakini walikubali kujaribu, na ndivyo ilivyozaliwa Jumamosi Kavu: siku moja kila mwezi injini inafungiwa, na mtaa unapandisha maji kwa miguu. Ya kwanza kaka alikosea, akaitangaza mapema. Ijumaa yake kila nyumba ikajaza ndoo, mabeseni, sufuria, hata kile kijibafu cha plastiki cha kuogeshea watoto. Injini ilinguruma tangu asubuhi hadi jioni. Kubana mafuta kwa siku moja kukatumalizia mafuta ya siku tatu, na Jumamosi yenyewe Mwenyekiti alisikika bafuni kwake akijimwagia maji huku akiimba. Kaka alikaa kwenye ngazi ya karakana, kichwa mikononi. Tangu hapo hakutangaza tena. Mliamka tu mkakuta kufuli kwenye injini, mkamtukana, mkakanyaga.

Alitukanwa sana, nisifiche. Kuna waliosema amefilisika kiakili, kuna waliohamishia magari yao kwa fundi mwingine. Siku hizo wifi ndiye aliyelisha nyumba kwa sindano yake. Lakini Februari 2036 lori halikuja, na mwezi uliofuata halikuja, na kwenye mtaa huu mabomba hayakukauka, maana sasa tulikanyaga kila siku. Mengine yakafuata taratibu, mengi yakiwa ya watu wengine, si yake: tanuri moja la mikate linalowashwa mara moja kwa mtaa mzima, banda la zana za kuazimana, mkokoteni wenye godoro wa kupeleka wagonjwa na wajawazito zahanati, na zile bustani zilizochukua nafasi ya maegesho. Kaka alichojua ni maji.

Pamoja na yote hayo alikuwa na hofu moja ambayo haikumtoka. Tukila mezani kwake alikuwa akiniambia, "Mdogo wangu, hawa wanakanyaga kwa sababu nawasimamia. Siku nikifumba macho watarudi vibarazani kusubiri lori."

"Kaka, wewe hujui kuamini watu."

"Naamini mashine. Mashine ikigoma unasikia."

Hapo ndipo ilipokuwa siri ya ile pampu. Mnaujua mlio wake: ngwii-ngwaa, ngwii-ngwaa, wa kutoboa meno. Sote tulidhani grisi imeadimika. Ukweli ni kwamba aliacha makusudi. Kwa mlio ule alijua, hata akiwa kitandani au mezani, kwamba walio zamu wameshika zamu. Fundi seremala aliwahi kuja na kipande cha mafuta ya mgando kutaka kumsaidia, akafukuzwa kama mwizi wa kuku. Wifi peke yake ndiye aliyeambiwa sababu, naye aliitunza mpaka wiki hii ya msiba, ingawa ndiye aliyelala karibu zaidi na dirisha.

Mwanzoni mwa mwaka 2040 moyo wake ulianza kuchoka. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi. Alilazwa mara mbili, akatibiwa vizuri, akarudishwa nyumbani chini ya uangalizi wa binti yake mkubwa, ambaye ni mkunga lakini alilazimika kumpokea baba yake kama mtoto mchanga mkorofi. Kitanda kilisogezwa dirishani ili apate hewa. Yeye alitaka asikie pampu.

Kisha, Mei mwaka huu wa 2041, pampu ikanyamaza.

Alisikiliza asubuhi, kimya. Mchana, kimya. Siku ya pili akakataa uji. Sisi tuliomuuguza hatukutoka nyuma kutazama; mabomba yalikuwa yanatoa maji, tukadhani ni akiba ya tangi. Siku ya tatu nilimkuta amegeukia ukutani, na nilipomshika bega akasema bila kunitazama, "Nimekuambia mimi. Hata sijafa." Nimemwona kaka yangu akifiwa na wazazi na ndugu zetu wawili, sijapata kumwona vile. Kwake ilikuwa kana kwamba miaka yote ile ameitupa kisimani.

Alasiri hiyo akamwita wifi amshike. Wifi akamwambia, "Baba watoto, daktari amesema usisimame." Akajibu, "Basi aje yeye akakanyage." Tukamshika, wifi kulia na mimi kushoto, yeye na shuka lake, hatua kwa hatua kupitia mlango wa jikoni. Nilijua anakwenda kupanda ile pampu mwenyewe, na nilijua hatashuka mzima.

Nyuma ya nyumba tuliwakuta kinyozi na mwalimu mstaafu wako juu ya pampu, jasho likiwatiririka, wanakanyaga kwa nguvu zao zote. Hakukuwa na sauti hata ya nzi. Maji yalikuwa yanapanda.

Kaka akasimama, mdomo wazi. Walipomwona waliruka chini kama watoto waliokamatwa jikoni. Kinyozi akaanza kujitetea, "Fundi, tusamehe. Tulisema mgonjwa anahitaji usingizi, na mlio huu hata mzima haumwachi alale. Nikaleta mafuta yangu."

"Mafuta gani?"

"Ya mashine ya kunyolea. Ile chupa yangu ya mwisho."

Ninyi mnaoziona nywele za wanaume waliokaa mbele hapa, zimekatwa kama zimetafunwa, sasa mnajua sababu. Tangu Mei mashine ya kinyozi inanyoa kavu.

Kaka aliinua macho kwenye tangi, lilikuwa linamwagika juu. Akauliza ni lini walikosa zamu. Mwalimu akashangaa swali. "Hatujakosa, Fundi. Tuikose kwa nini? Kwani tunywe nini?"

Hapo kaka alilia, mbele ya watu, bila kujifuta. Kisha akavuta pumzi, akawa yeye tena. "Nani kawaruhusu kugusa mashine yangu?" Na alipokuwa anarudishwa ndani akageuka. "Kaza mnyororo wa kushoto. Umelegea."

Usiku huo alikula. Hakuuliza tena habari za pampu, na dirisha alituruhusu tulifunge kulipokuwa na baridi. Alifariki dunia nyumbani kwake, asubuhi ya tarehe 3 Juni 2041, usingizini, mkono wake ukiwa mkononi mwa mke wake. Nampenda kaka yangu, na nimekasirika kwamba amekwenda, na nashukuru kwamba hakwenda na ile hofu.

Marehemu ameacha mjane, mshonaji wetu, watoto watatu, mkunga, mwashi na mwokaji mikate, wajukuu watano, mimi mdogo wake, na wakwe, wapwa na majirani ambao tukianza kuwataja hatutazika leo.

Familia ina ombi moja. Tumeambiwa kwamba kwa heshima ya msiba mmekubaliana pampu isimame mpaka kesho. Tunawashukuru kwa adabu hiyo, na tunaikataa. Walio zamu saa hii waondoke sasa hivi, wapite hapa mbele bila kutuaga, wala asiwepo wa kuwatazama vibaya. Kinyozi, namaanisha wewe. Inuka, baba, tutakuwekea udongo wako.

Yeye apumzike kwa amani. Sisi tuna maji ya kupandisha.