Makofi Yale Hayakuwa Mwisho wa Wimbo

Zima kwanza huo wimbo kwenye simu, Faith mjukuu wangu, zima nipumue, maana hapo ulipofika ndipo unaponikatia maneno kila mara, na leo sitaki kukatwa na mtu. Ahsante. Sasa sogeeni. Lydia, kaa hapa miguuni pangu unifunike vizuri, baridi ya Juni ya hapa Kizwite haimwonei haya mtu mzee. Victor, ingia ndani, acha kusimama mlangoni kama mgeni, na wewe Cleophas, mwanangu mkubwa, weka rozari yako mfukoni kidogo. Padri amekwisha kunipaka mafuta, nimeungama, nimekomunika, upande wa Mungu nimemaliza. Umebaki upande wenu, nanyi nisikilizeni mpaka mwisho, na ninaposema mpaka mwisho nina maana yangu, mtaiona.

Msinitazame kwa nyuso hizo. Mimi naondoka nimeshiba. Nimelima, nimevuna, nimezaa watu watatu wenye akili zao, nimependwa na mwanamume mmoja aliyejua kupiga gitaa na hakujua kuchonga mpini wa jembe, na ningepewa kuchagua tena ningemchukua yuleyule na mpini wake uliopinda. Kwa hiyo mwenye kulia alie, lakini asiseme Mama aliteseka.

Mali nitaisema haraka kwa sababu haina maneno mengi. Nyumba hii haiuzwi. Victor, najua umeipimia uwanja wake kwa macho, unaona fremu za duka zimejipanga hapa mbele hadi barabarani. Jenga fremu zako kwenye kiwanja nilichokupa kule chini, hapa akae Lydia, aliyerudi kunihudumia bila kuitwa, na ndugu akikosa pa kulala ajue mlango uko wapi. Shamba la Milanzi mligawane watatu, Cleophas achukue upande wa bondeni kwa sababu ndiye anayeamka mapema, na kila mwaka sehemu fulani ipandwe ulezi, hata kama mahindi yana soko, maana nyumba ya Mfipa isiyokuwa na ulezi hata mgeni anashindwa kuielewa. Mbuzi wangu ni wa Faith. Nimemaliza ya mali. Mbona mnashangaa? Mlidhani nimewaita kwa ajili ya mbuzi?

Urithi wenyewe ni nusu ya wimbo, na nikifunga macho bila kuwapa umekwenda, kwa sababu waliokuwa wakiujua wote wamelala makaburini isipokuwa mimi na shangazi yenu Dominika kule Namanyere, ambaye hata ujana wake hakuweza kushika sauti. Ninyi mnajua "Rosina Kapanda Lori". Nani hapa Rukwa haujui? Vijana wanautia kwenye simu, kwenye harusi wazee wakiusikia wanainuka na magongo yao. Lakini mnaoujua ni nusu. Nusu yangu haikusikika kamwe.

Wakati huo bendi yetu ilikuwa Mbizi Jazz, na usiwaone hao vijana wa siku hizi na spika zao, sisi tulikuwa na magitaa matatu, ngoma, na manyanga, na suti za rangi ya maziwa walizotushonea mafundi waliokaa barazani kwa Abdala. Abdala alikuwa na duka mjini na lori la kubebea mahindi, vyombo vyote aliviagiza yeye, na kwa kuwa hakuweza kupiga hata kimoja tulimpa manyanga, akayatikisa kwa furaha mpaka jasho linamwagika, na mara nyingi nje ya mdundo. Wilibrodi, baba yenu, alikuwa kwenye solo. Mimi niliimba. Msichana wa Kikatoliki kuimba dansi ilikuwa habari nzito, lakini marehemu baba yangu alisema bora aimbe mbele ya watu wote kuliko anong'one kichakani.

Sasa mwaka huo, mavuno yalipokaribia, shangazi yangu wa Namanyere akaanguka akaumia mguu, nikaagizwa ghafla kwenda kumvunia ulezi. Nikapanda lori la Abdala alfajiri, nikaondoka. Wilibrodi alipokuja jioni kunichungulia akaambiwa Rosina kapanda lori. Akamuuliza nani kwa nini? Hakumuuliza mtu. Baba yenu mnamjua, alikuwa mtu wa kununa kwanza. Akarudi kwao, akashika gitaa, akatunga. Eti nimeteremka ziwani kufuata wanaume wa samaki, nimemwachia baridi na shamba lililoiva. Wimbo mtamu, sikatai, mtamu mno, ndiyo maana ulinichoma. Niliporudi na gunia langu la ulezi kichwani nikakuta mji mzima unaniimba.

Nilimkasirikia, lo! Nikamwambia, Wilibrodi, hutanisema mbele ya watu halafu nikae kimya, ama uufute ama uniache nikujibu humo humo. Hakuweza kuufuta, watu walishaushika. Basi tukaupasua katikati. Yeye alalamike mpaka mwisho wa malalamiko yake, kisha magitaa yanyamaze, aweke gitaa chini, apige goti, anipigie makofi ya salamu kama Mfipa anavyompigia mtu anayemheshimu, taratibu, viganja vimepinda, na ukumbi wote upige pamoja naye. Huko ndiko kuniomba nizungumze. Kisha mimi nijibu. Pale kwenye makofi, wanangu, ukumbi ulikuwa unatulia hadi unasikia taa ya karabai ikivuma, wanawake wote wamenikazia macho, wananingoja niwasemee na wao. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile mahali pengine popote, hata siku ya ndoa yangu, na baba yenu alilijua hilo na hakuona wivu.

Ndipo watu wa redio walipokuja kutoka Dar es Salaam na gari lao na mashine ya kunasia sauti. Tukavaa suti, ukumbi ukajaa. Baba yenu akaimba kama hajawahi, akafika kwenye salamu, akapiga goti, makofi yakaanza. Yule fundi wao, kijana wa pwani mwenye adabu zake, angejuaje? Kwao makofi ni kushangilia. Alisikia watu wanapiga makofi akajua wimbo umekwisha na wasikilizaji wamefurahi, akazima mashine, akatoka kwenda garini kuchukua mkanda mwingine. Mimi nikavuta pumzi, nikaiimbia mashine iliyolala. Niliimba vizuri, nawaambia, niliimba mpaka Ignasi wa ngoma akafuta macho. Fundi aliporudi alitukuta tunamalizia, akadhani tunajaribu wimbo unaofuata, akatuambia hongereni, sasa leteni mwingine.

Hatukujua. Tulijua siku ile tuliyojazana barazani kwa Abdala kusikiliza, mimi nimevaa kitenge kipya kwa ajili ya redio, kana kwamba redio inaona. Baba yenu akalalamika humo ndani, makofi yakapigwa, nikashika mkono wa Dominika, nikafungua mdomo niimbe pamoja na nafsi yangu, na mtangazaji akaingia, "Hao walikuwa Mbizi Jazz kutoka Sumbawanga," akataja na saa. Abdala alikipiga kile kisanduku kwa kiganja akidhani kimeharibika. Mimi nilikwenda nyuma ya duka nikalia.

Basi wimbo ukavuma, kutoka Mpanda mpaka Tunduma, ukavuka mpaka hadi Mpulungu kule Zambia, na kila ulipofika ulifika na lawama yangu bila jibu langu. Utingo wa malori wananiona wanapiga kelele, Rosina, mwonee huruma kijana wa watu! Mashineni nikipeleka mahindi, wanawake ambao hawajawahi kuniona kabla ya hapo wananipa mgongo. Na bibi yenu, mama yake Wilibrodi, mshenga alipokwenda kunitaja akamjibu, "Mwanangu amelia redioni nchi nzima imesikia, halafu nitoe ng'ombe wangu wawe mahari ya mtu huyohuyo?" Akakataa kabisa. Ndiyo, cheka Victor, mimi mwenyewe sasa nacheka. Wakati ule sikucheka.

Wilibrodi akafanya jambo lililonifanya nimsamehe wimbo wote. Alikuja na gitaa lake mchana kweupe kwenye uwanja wa mama yake, pale Milanzi, wanawake wanapura ulezi, mimi nimefuata nyuma. Akaimba malalamiko yake. Mama hakuinua macho kwenye ungo. Akaweka gitaa, akapiga goti mavumbini mbele yangu, mbele ya mama yake na dada zake, akapiga makofi, na Dominika, mdogo wake, alikuwa bado binti mdogo, akapiga naye, na mmoja mmoja wakapiga wote. Nikajibu. Nilipomaliza yule mama aliweka ungo chini, akasema, "Kumbe nawe ulikuwa na la kusema." Akanipa maji ya kunywa kwa mkono wake mwenyewe. Tuliishi naye mpaka alipofariki, hatukugombana isipokuwa juu ya chumvi.

Watu wa redio hawakurudi tena. Ignasi akavuka kwenda Zambia, Abdala akazeeka, manyanga yako kwa mjukuu wake Ridhiwani pale dukani, yananing'inia juu ya mizani. Mimi na baba yenu tulikuwa tunauimba mzima kila tukimaliza mavuno, sisi wawili, ninyi mmelala. Lydia unakumbuka kidogo, nimekuona unaitikia kwa kichwa. Halafu Cleophas ukawa mwalimu wa kwaya, ukaona haya, ukasema Mama, nyimbo za dansi si za nyumba hii, na baba yenu alishakufa, mtu wa kunipigia makofi hakuwepo. Nikanyamaza, kwa amani ya nyumba. Sikulaumu, mwanangu. Kwaya yako naipenda, ingawa mnavuta mno mwisho wa mistari.

Lakini nimewasikia jana sebuleni, mnadhani bibi kizee amelala. Cleophas anasema kwaya tu, asisikie dansi msibani. Victor anasema atakodi spika aupige ule wa redioni watu wamkumbuke mama. Wote wawili mmekosea. Mkiupiga ule wa redioni peke yake mtakuwa mmenizika na lawama, watu watasimama juu ya kaburi langu wakimhurumia Wilibrodi! Hilo linaniuma, nasema waziwazi, katika mambo yote ya dunia hii ndilo pekee linaloniuma bado.

Kwa hiyo nawaagiza. Siku ya kuzika ni sala na kwaya, Cleophas, nakupa siku hiyo yote. Siku ya kuanua matanga mwende mumchukue Dominika Namanyere, mumpe kiti cha mbele, makofi aanze yeye. Ridhiwani aje na manyanga, na akitoka nje ya mdundo mwacheni, ndivyo yalivyo tangu mwanzo. Gitaa la baba yenu, lililo juu ya kabati, nampa Faith, litiwe nyuzi. Sehemu ya Wilibrodi utaiimba wewe, Cleophas. Usiangalie mlango. Utaiimba, na kwenye salamu utapiga goti mbele ya binti yako Faith, kwa sababu jibu nampa yeye.

Maji kidogo, Lydia. Inatosha.

Haya, tuanze sasa hivi, nisije nikawaachia maelezo bila wimbo. Cleophas, pale pa baba yako, pa mwanzo. Taratibu, usiukimbize. "Rosina, ulezi umeiva, nani atavuna nami..." Enhe. Endelea. Ndiyo hivyo... Mungu wangu, sauti yake hiyo. Miaka yote hii ulikuwa umeificha kwenye misa. Usilie, mwanangu, imba. Sasa nyamaza. Goti. Makofi, wote, viganja vipinde, Victor, hushangilii mpira. Hivyo. Hivyo hivyo. Jamani. Mmenipigia makofi.

Sasa mimi. "Wilibrodi, keti chini nikujibu... sikukuacha... ulezi wa shangazi ulikuwa unaanguka..." Pumzi. Ngoja. Faith, shika hapo, sema baada yangu. "Njia ya Namanyere unaijua..." Ndiyo, mama. Juu kidogo. "...mbona hukuja kuuliza?" Na wa mwisho, usiuharakishe, huo ndio watu walikuwa wanaungoja. "Ungeuliza, ungenikuta. Hata sasa, njoo uulize." Mara nyingine tena. Uzuri wako, mjukuu wangu. Tena.

Basi. Nimewapa. Mungu awatunze watatu, awape mvua kwa wakati wake na watoto wanaowasikiliza. Msinuniane, ulizaneni. Lydia, usinifunge kichwa kwa kitambaa cheusi, nifunge kile cha maua. Cleophas, mwanangu, ahsante. Naenda kumsikiliza baba yenu, nione kama amejifunza... kuuliza.

Nikinyamaza... msikimbilie kulia. Pigeni makofi kwanza, taratibu. Mngoje kidogo. Halafu Faith ajibu.