Marehemu Kihara Mwaura, Aliyesoma Chini Kabla ya Kuchomeka

Marehemu Kihara alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 huko Mutuini, Dagoretti, mwana wa kiume wa pekee wa hayati Mwaura na Mama Veronicah. Alisomea shule ya msingi ya hapo kijijini, akafanya mtihani wa CPE mwaka wa 1980, kisha akajiunga na chuo cha ufundi. Mwalimu wake alilalamika kwamba kijana huyu hagusi kitu kabla ya kukigeuza na kusoma maandishi ya chini.

Tabia hiyo ndiyo iliyomlisha. Alianza na redio, na kufikia 2002 alikuwa na kibanda cha chaja za laptopu barabara ya Luthuli. Kopo lake la pini, zile ncha za chaja za kila ukubwa, lilijulikana mjini. Mteja akiharakisha, Kihara alimwambia, "Geuza hiyo mashini tusome volti kwanza. Kuingia si kukubali." Kila chaja aliyouza ilibandikwa karatasi kwa chini, yenye volti na jina la aliyeipima. Ilikuwa sheria ya kibanda.

Alimwoa Nyawira tarehe 7 Desemba 1996. Siku ya kwenda kujitambulisha ukweni alimaliza chai, akageuza kikombe na kusoma kitako chake. Baba mkwe alimwuliza anatafuta nini. "Ni mazoea tu, mzee." Walicheka mpaka jioni. Laiti angemgeuza shemeji yake Ndegwa, kaka yake Nyawira, vilevile kabla ya kumkaribisha kazini. Kikulacho ki nguoni mwako.

Tarehe 21 Februari 2006 Kihara alimpeleka mama kliniki, akamwachia Ndegwa kibanda. Alikuja Lornah wa Kilimani, mwenye laptopu ya volti kumi na sita. Ndegwa alijaribu pini moja, ikaingia, akaridhika. Kidude cha kuchagulia volti kwenye chaja kilikuwa kwenye kumi na tisa. Kesho yake Lornah alirudi na kuitupa ile chaja juu ya meza.

"Mumeua laptopu yangu na kazi yangu yote iko ndani. Nani alinipimia hii kitu?"

"Ni Kihara," Ndegwa alisema, mbele ya majirani wote. "Mimi nilikupatia tu."

Kihara aliiokota chaja, akaigeuza, akasoma. Kisha akaifunga kwa gazeti. Nyumbani alimwambia mama, "Nikimwanika Ndegwa, nimemwanika Nyawira." Wateja walimwita Mchomaji wakamkimbia. Ndegwa alifungua duka lake Westlands, na huko alisimulia kisa hicho kama kichekesho.

Mwaka wa 2007 Kihara aliugua figo. Aliugua kwa utulivu, ila akisikia lile jina la Mchomaji aligeukia ukutani. Aliaga dunia Jumamosi, tarehe 9 Agosti 2008, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Nyawira.

Juzi Jumanne dada yake Njambi, anayewasomea haya, alifungua droo ya marehemu akitafuta kitambulisho cha kuchukulia kibali cha mazishi. Chini ya kitambulisho alikuta chaja iliyoungua, imefungwa kwa gazeti. Nyawira alionyeshwa. Alilia, kisha akasema, "Andikeni. Yeye alininyamazia ya kutosha."

Ndegwa aliomba atajwe katika ratiba hii kama rafiki na mshirika wa marehemu. Familia ilikataa. Ameketi safu ya pili, shati jeupe, na anakaribishwa kupita mbele kama wengine. Chaja imewekwa mezani kando ya picha ya marehemu. Chini yake karatasi ingali imebandikwa, kwa mwandiko anaoujua Ndegwa: "19 – Ndegwa." Yeyote aliyewahi kumwita Kihara Mchomaji aje aigeuze asome, kabla udongo haujaingia kaburini.

Marehemu amemwacha mjane Nyawira, binti yake Shiru aliyerithi kopo la pini, mama yake Veronicah na dada yake Njambi.

Kihara, lala kwa amani. Sisi bado hatujaipata.