Kofia ya Eemeli Ubavuni mwa Lori

Wasikilizaji wapendwa, kama kahawa ipo mezani, kaeni tumkumbuke mwenzetu. Ni Raimo Pukkila, dereva wa malori wa Kauhajoki. Alifariki Jumanne iliyopita, akiwa na miaka sitini na mitano.

Ukoo wa Raimo ulikuwa wa madereva. Babu yake, Eemeli, aliendesha lori la jeshi wakati wa vita, lile lililokwenda kwa moshi wa kuni, maana petroli ilikuwa adimu. Baba yake akaendesha Sisu, malori yanayoundwa hapahapa kwetu Finland. Raimo naye Sisu. Aliponunua jipya, alitaka babu yake achorwe ubavuni. Mchoraji alikaa na lori tangu majira ya baridi hadi kiangazi, ili liwahi mashindano ya malori yaliyochorwa, kwenye maonyesho ya Agosti.

Picha ilitisha. Moto, vifaru, na Eemeli katikati, bunduki mkononi. Raimo akaenda kumwonyesha mama yake, Hilja, binti wa huyo Eemeli.

Bi Hilja alilizunguka lori na mkongojo wake.

"Huyu nani?"

"Babu, mama."

"Mbona umempa kifua cha mcheza mieleka? Baba yangu hakufyatua risasi hata moja. Alikuwa anawarudisha maiti makwao. Ungeniuliza, ningekwambia."

Kwetu, wasikilizaji, aliyeanguka vitani alirudishwa kuzikwa kanisani kwao. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Eemeli: kuwarudisha makwao. Na kamwe hakuingia na lori uani mwa mfiwa. Alizima injini barabarani, akavua kofia, akatembea kwa miguu hadi mlangoni.

Raimo aliona aibu. Zilikuwa zimebaki siku sita tu kabla ya maonyesho.

"Ukifuta hii, umefuta na kombe," mchoraji akamwonya.

"Futa," akasema Raimo. "Kabati langu lenyewe dogo."

Basi lori likaenda kwenye maonyesho ubavu mmoja mtupu, maana siku sita zilitosha kuchora upande mmoja tu. Ubavu wa pili ulikuwa na lori kuukuu kwenye theluji, na mtu kichwa wazi akitembea kuelekea nyumba. Raimo hakushinda kitu. Lakini wazee waliopita pale walivua kofia, mmoja baada ya mwingine. Mimi nilikuwepo, na tangu siku ile nilimheshimu sana Raimo.

Jumamosi, binti yake, Satu, dereva vilevile, alilibeba jeneza la baba yake kwa lori hilohilo. Kabla ya kanisani, alipitia kwa bibi yake. Alizima injini barabarani. Akavua kofia. Akatembea.

Bi Hilja, miaka themanini na minane, alikuwa amesimama mlangoni.

"Rudi ukalilete uani, mjukuu wangu," akasema. "Huyu ni wa nyumba hii."

Bi Hilja, pole sana kwa kumzika mwanao. Satu, pole, na barabara ikuwie njema. Nawe unayetusikiliza, kama nyumbani kwenu bado yupo wa kuulizwa, zima redio sasa ukamwulize.