Mkono wa Naleli

Ndani ya basi la kwenda Maseru, Mamello alikuwa amefungua mapajani vitabu viwili vya mtaala, asijue kipi cha kumfundishia bintiye Naleli nyumbani. Kimoja kilikuwa cha kusomesha kwa herufi za mbao, kingine cha kupanda mbegu na kukanda unga.

Mzee aliyeketi kando yake, asiyemjua, akachungulia. "Kwa hiyo, mama, wewe ndiwe mwalimu, mwalimu mkuu na kamati ya wazazi? Mkikosana, mtoto atahamia wapi?"

"Sebuleni, kwa baba yake," Mamello akajibu. Abiria wa nyuma wakacheka.

"Na atacheza na nani?"

Hapo kicheko kilimkauka. "Ntate, baba yangu, shuleni walimfunga mkono wa kushoto kwa kitambaa, ati aandike kwa wa kulia. Sasa Naleli hataki hata kuiona kalamu."

Mzee akavua kofia. "Basi mpe unga kwanza. Mkate hauulizi umekandwa kwa mkono gani. Lakini marafiki, mama, hawakandwi."

"Nitawaalika waje kula."

"Mkate ukiwa mgumu, hawarudi!"

Basi likasimama. Mamello akashuka akicheka, vitabu kwapani, cha unga kikiwa juu. Mzee akatoa kichwa dirishani. "Na hesabu je?"